Aliyeitikia Kumi na Tatu

Jumamosi, 1 Juni

Upepo umeanza. Kwa watu wengi huu ni msimu wa vumbi na midomo kupasuka. Kwetu sisi wa kundi la matembezi ndio msimu wenyewe, maana njia za porini zimekauka na nyasi zimelala. Leo tumetoka kwa mara ya kwanza mwaka huu: watu kumi na wanne, kilomita kumi na moja, vilima vidogo vya kulegeza miguu tu.

Ngoja nieleze hesabu yetu. (Mke wangu anasema hata siku ya kufa nitaanza kwanza kueleza jinsi moyo unavyosimama.) Kila mmoja wetu ana namba yake ya kudumu, kwa kufuata mpangilio wa kutembea. Tukipumzika, wa mbele anapaza sauti, "Moja!" Wa pili anaitikia, "Mbili!" Inakwenda hivyo hadi kumi na nne, ambaye ni mimi. Mimi ndiye mkia. Kazi ya mkia ni kuhakikisha nyuma yake hakuna mtu. Utaratibu huu niliuweka mwenyewe miaka ishirini na miwili iliyopita, nikiwa bado nafundisha jiografia. Niliona kwamba mwalimu akihesabu vichwa kwa macho, akili humhesabia anachotarajia kukiona. Sauti haidanganyi, nilisema wakati ule.

Kumi na tatu ni Fundi Saa, rafiki yangu wa miaka thelathini, anayetembea hatua tatu mbele yangu. Leo, kwenye mapumziko ya pili, hesabu ilifika kwake ikakwama.

"Kumi na tatu amelala na macho wazi!" akasema Mshonaji, ambaye ni kumi na mbili na hajawahi kunyamaza tangu nimjue.

Nikamgusa Fundi begani. Akashtuka, akaitikia kwa kishindo, watu wakacheka. Mwenyekiti wa kundi hakucheka. Alitoa kijidaftari chake akaandika kitu.

Jumatano, 5 Juni

Nimepeleka saa ya ukutani dukani kwa Fundi. Duka ni chumba kimoja chenye kaunta ya kioo. Nyuma ya pazia ndipo wanapoishi yeye na mkewe. Shemeji aliniambia nipite tu.

Nilimkuta ameinama juu ya meza. Mpini wa bisibisi ameuuma kwa meno, ncha yake ameiegemeza kwenye mgongo wa saa kubwa iliyofunguliwa, macho kayafumba. Nilisimama pale karibu dakika nzima. Nikasema, "Hodi." Nikasema tena. Kisha nikakohoa kikohozi ambacho kingemwamsha maiti. Hakutikisika.

Ndipo nilipoelewa. Mfupa husafirisha mtetemo. Mlio wa saa hupita kwenye chuma, ukaingia kwenye meno, ukafika kwenye fuvu bila kupitia tundu la sikio. Mtu huyu anasikiliza saa kwa taya.

Aliponiona alitoa bisibisi mdomoni kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Umekuja lini, Mwalimu?"

"Sasa hivi tu," nikasema, nikielekeza uso wangu kwake vizuri ili aone midomo.

Hatukulizungumza. Kwenye kaunta kulikuwa na wateja watatu.

Jumamosi, 8 Juni

Kilomita kumi na nne. Kabla ya kutawanyika Mwenyekiti alitusimamisha. Ni daktari wa meno, ana miaka arobaini na mbili, na anaongea na watu wazima kana kwamba wote wamekaa kwenye kiti chake vinywa wazi.

"Wazee wangu, nisieleweke vibaya. Tarehe kumi Agosti tunapanda Mgongo. Kule upepo ni mwingine, njia ni nyembamba. Atakayekosa kuitikia hesabu mara mbili kuanzia leo, atanisamehe, hatakwenda."

Hakumtazama Fundi, lakini sisi wote tulimtazama.

Mgongo ndiyo safari yetu kubwa ya mwaka: kutwa nzima juu ya ukingo wa mlima, bonde huku, bonde kule. Fundi hajakosa hata mwaka mmoja. Njiani kurudi aliniambia, akitazama viatu vyake, "Kazi yangu ni kiti na meza, Mwalimu. Siku saba kiti na meza. Nikinyang'anywa Jumamosi, nizikeni tu."

Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira. Kijana ambaye alijiunga nasi miaka minne iliyopita, akiwa anahema kwenye kila mwinuko, leo anatupangia nani apande.

Jumamosi, 15 Juni

Fundi aliikosa hesabu mara moja, kwenye kijito. Mwenyekiti aliandika.

Kwenye mapumziko yaliyofuata, Mshonaji aliposema "Kumi na mbili!" niliona mgongo wa Fundi umetulia vilevile. Nikakaza koo, nikashusha sauti, nikasema, "Kumi na tatu!" Halafu kwa sauti yangu, "Kumi na nne!" Mwenyekiti alikuwa mbele, anafungua chupa ya maji. Hakuna aliyegeuka.

Ni jambo dogo. Mtu yupo, namuona kwa macho yangu, hatua tatu mbele. Namba inabeba ukweli uleule.

Jumamosi, 22 Juni

Mara tatu. Sauti inazidi kufanana na yake.

Jumamosi, 29 Juni

Vumbi. Mara nne. Mke wangu amenikuta bafuni najaribu sauti, akauliza kama nimepata mafua.

Jumamosi, 6 Julai

Mwenyekiti amempongeza Fundi mbele ya watu: "Naona mzee wetu sasa yuko macho!" Fundi alitabasamu kwa kuwa aliona wengine wanatabasamu. Mimi nilijisikia kama mtu aliyempiku mwanafunzi mjuaji. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojisikia.

Jumamosi, 20 Julai

Wiki jana sikuandika, kiuno. Leo kilomita kumi na nane. Sikumbuki nimeitikia mara ngapi. Inatoka yenyewe sasa, kumi na tatu na kumi na nne, kama hatua mbili za ngazi.

Jumamosi, 3 Agosti

Upepo umepasua hema la kituo cha kuanzia. Wengine wanasema tuahirishe Mgongo. Nilieleza kwa kirefu kwamba upepo wa msimu huu hupungua asubuhi na kuongezeka baada ya saa sita, hivyo tukiwahi kutoka tutawahi kushuka. Walikubali. Napenda wanaponisikiliza, siwezi kukana.

Jumapili, 11 Agosti

Haya ni ya jana. Nitaandika kwa mpangilio.

Tulianza kupanda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wote kumi na wanne. Kufikia saa nne tulikuwa juu. Upepo haukungoja saa sita kama nilivyoahidi. Ulitoka bonde la kushoto ukapiga mfululizo, unamsukuma mtu kama mlevi anayetafuta ugomvi. Tulitembea tumeinama, kofia za makoti zimefungwa hadi kidevuni. Kuzungumza hakukuwezekana.

Saa sita kasoro tulifika mahali ambapo ukingo unashuka kidogo kabla ya kupanda tena. Hapo njia zinagawanyika. Mwaka huu vichaka vimeota vikaficha alama yetu ya zamani. Mwenyekiti akapunga mkono, akaniita mbele nisaidie kusoma ramani.

Mkia haachi nafasi yake. Kanuni hiyo ni yangu, nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini niliitwa mbele ya watu wote, aliyeniita ni yeye, na swali lilikuwa la jiografia. Nikampita Fundi. Nadhani nilimgonga bega. Nikampita Mshonaji, nikawapita wote, nikachuchumaa nyuma ya jiwe na ramani mapajani, nikaanza kueleza. Nilieleza mistari ya mwinuko. Nilieleza kwa nini njia ya kulia, ingawa inaonekana ndefu, inatutoa kwenye upepo mapema. Wenzangu waliokuwa wanawasili mmoja mmoja walijibanza kando ya jiwe. Nilikuwa nafundisha tena.

Mwenyekiti akaanza hesabu. "Moja!" Sauti zilikuja zikikatwakatwa na upepo. Uso wangu ulikuwa kwenye ramani. Nikasikia Mshonaji, "Kumi na mbili!" Nikasema, "Kumi na tatu!" Nikasema, "Kumi na nne!"

Sikugeuka. Kama ningegeuka ningeona kwamba nyuma ya Mshonaji hakuna mtu.

Tukashuka kwa njia ya kulia. Mimi nikarudi mwisho wa mstari, na mbele yangu alikuwa Mshonaji, kofia kichwani. Nilijiambia Fundi amesogea mbele kujikinga. Nilijiambia hivyo kwa saa moja na dakika arobaini.

Chini kwenye kijito, watu walipokuwa wanafungua chakula, Mshonaji akauliza, "Fundi yuko wapi? Maharage yake ndiyo huwa ninayaiba."

Watu wakageuka kutazama njia tuliyotoka.

"Lakini aliitikia," akasema. "Nimemsikia kwa masikio yangu."

Mwenyekiti aliwaacha watu sita pale pale, akapanda tena na sita kati yetu. Nilikuwa mmoja wao. Tulipiga filimbi, tukaita. Upepo ulitwaa kila kitu. Tulipita juu ya ukingo mara mbili, tukienda na kurudi, na mara zote mbili, nimekuja kujua baadaye, tulipita hatua kumi kutoka alipokuwa.

Kwenye mzunguko wa tatu Mwenyekiti alituambia, "Acheni filimbi. Angekuwa anasikia angeshajibu. Tushuke kwenye kila korongo tutazame kwa macho."

Sikuweza kumtazama aliposema hivyo. Alitangulia yeye mwenyewe, akishuka kwa makalio kwenye mawe yaliyolegea, suruali ikachanika. Korongo la nne ndilo. Fundi alikuwa amekaa ameegemea ukuta wa udongo, mguu wa kulia umegeuka mahali usipopaswa kugeuka. Alikuwa amesimama kufunga kamba ya kiatu, anasema, akainua kichwa akakuta hakuna mtu, akashika njia ya kushoto haraka ili atufikie.

Mwenyekiti alivua koti lake akamfunika. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamwambia polepole, kwa midomo iliyo wazi kabisa, "Tumekupata, mzee wangu. Huendi popote tena bila sisi." Huyo ndiye niliyekuwa namwita mjuaji. Yeye na wenzake watatu walimbeba kwenye machela ya fimbo na makoti. Tulifika barabarani jua linazama.

Nyonga imevunjika.

Jumatatu, 12 Agosti

Hospitali hawaruhusu zaidi ya ndugu wawili.

Alhamisi, 15 Agosti

Mke wangu: "Mbona huli?" Nikasema kiuno.

Jumamosi, 17 Agosti

Kikao kilifanyika kwenye kliniki ya Mwenyekiti, sisi tumepanga viti kwenye ukumbi wa kusubiria, ukutani picha kubwa ya jino lililokatwa katikati. Mwenyekiti alizungumza kwa upole, ambao ulinitesa zaidi.

"Sitafuti wa kumfunga. Nauliza swali moja tu. Pale kwenye njia panda, nani aliitikia kumi na tatu?"

Mshonaji akaapa kwa watoto wake kwamba alikuwa Fundi. "Ile sauti yake ya mkwaruzo, jamani, nani asiyeijua?"

Mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye mkia. Ulimwona?"

Nilikuwa na nafasi, pana kama mlango wa ghala. Nikasema, "Wewe uliniita mbele." Hilo lilikuwa kweli. Ndiyo maana nililichagua.

Akainamisha kichwa. "Ndiyo. Nilikuita. Kosa hilo ni langu."

Kisha akasoma barua ambayo mkewe Fundi alikuwa ameileta. Fundi anasema aliitikia hesabu mwenyewe, akakumbuka ameacha glavu yake nyuma, akarudi kuichukua bila kuaga. Anasema ukaidi ni wake, na kundi lisimlaumu mtu.

Hakuna glavu. Fundi havai glavu. Alituambia mwenyewe kule korongoni kwamba alikuwa anafunga kiatu. Waliokuwepo walitazamana, lakini ni rahisi kuamini barua kuliko kuanza kuulizana.

Wameamua Fundi aondolewe kwenye kundi kwa kukiuka utaratibu. Mimi nimeshukuriwa kwa kurudi mlimani katika umri wangu. Watu walinipigia makofi. Niliketi chini ya lile jino, makofi yakanimwagikia.

Jumanne, 20 Agosti

Ametoka hospitali. Kitanda kimewekwa chumba cha nyuma ya duka, nyuma ya pazia. Shemeji anapokea saa kaunta, anampelekea kitandani, anazitengeneza akiwa amelala nusu.

"Karibu, shemeji," aliniambia. "Mwenzio anakuulizia kila siku."

Niliketi karibu na kichwa chake. Nje wateja walikuwa wanabishana kuhusu betri. Nikamwambia yote, tangu Juni, kwa sauti ya chini, kichwa nimekiinamisha nikitazama shuka. Nilisema niliitikia kwa niaba yake, nikasema siku ile niliitikia bila kugeuka, nikasema kwenye kikao nilinyamaza.

Akaitikia kwa kichwa akitabasamu, kama wanavyofanya watu wasiosikia. "Asante kwa kuja," akasema.

Nilijua hatasikia. Ndiyo maana nilisema.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimeanza kumwandikia barua, nikaiacha. Karatasi ni mahali pa kujificha, nimejiambia. Mwanamume husema jambo lake kwa mdomo, likasikika.

Jumamosi, 24 Agosti

Nilivaa shati safi. Mke wangu akauliza kama ni mazishi.

Dukani kulikuwa na watu wanne au watano, na Mwenyekiti naye, amekuja kumjulia hali, amekaa kwenye stuli karibu na pazia akinywa chai. Nilimsalimia nikapita ndani. Fundi alikuwa na lenzi jichoni na saa ndogo ya kike mkononi. Nikasimama miguuni pa kitanda, nikanyanyua uso, nikasema kwa sauti ile niliyokuwa nikiitumia uwanjani shuleni:

"Ni mimi niliyeitikia kumi na tatu! Msimu mzima nimekuitikia kwa sababu husikii! Umekuwa kiziwi, nami nilikuwa nakuficha! Wewe huna kosa!"

Kule kaunta mazungumzo yalikatika. Nilisikia kikombe kinawekwa chini.

Fundi alitoa lenzi jichoni taratibu. Hakushangaa. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona.

"Nilijua," akasema. "Siku ya kijito, nilikuona kwenye kioo cha saa yangu. Midomo yako ilifunguka mara mbili. Nilikuachia."

"Ulijua?"

Hakusikia, ila aliona. "Nilitaka Mgongo. Wewe ulitaka kumshinda yule kijana. Tulikuwa sawa."

"Sasa kwa nini ile barua? Kwa nini glavu?"

Nilikuwa bado napiga kelele. Akainua mkono kunizuia, akatazama pazia.

"Nilikubali kuitwa mkaidi, Mwalimu. Mkaidi anaweza kutengeneza saa; kiziwi hakuna atakayemletea." Akaiweka ile saa ya kike juu ya shuka. "Una kalamu mfukoni. Naiona kutoka hapa."

Nikashika mfuko wa shati langu. Ilikuwepo. Huwa ipo daima.

Pazia likafunguka. Shemeji alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia vioo. Nyuma yake niliona mzee mmoja anaokota saa yake kaunta, anaigeuza, anaitia mfukoni kimya kimya. Mwenyekiti alikuwa amesimama, na alinitazama jinsi daktari anavyotazama picha mbaya: bila hasira, anapima tu kilichobaki.

"Umepumua, shemeji?" akauliza mke wa Fundi.

Niliutoa mkono kwenye mfuko wa shati.

"Basi. Umeshapumua. Nenda sasa, mgonjwa apumzike."

Jumatano, 28 Agosti

Mwenyekiti amekuja nyumbani. Hakuketi. Amesema atamrudisha Fundi kwenye orodha, ingawa wote tunajua nyonga ile haitapanda tena, na kwamba ataiandika sababu ya kweli kwenye kumbukumbu za kundi. Nilimwambia jina langu liondolewe. Alisema tayari. Mlangoni akageuka.

"Ungeniambia mwezi wa sita, Mwalimu, ningekupa wewe filimbi na yeye kamba, mkatembea mmefungana. Ni jambo la dakika mbili."

Jumamosi, 31 Agosti

Upepo umekufa usiku wa jana, ghafla, kama unavyofanya kila mwaka. Kuna maelezo yake, siyaandiki.

Nilipita dukani asubuhi. Nilikuwa nimeandika barua, safari hii hadi mwisho, kurasa mbili. Rafu ya saa zinazongoja, ambayo nimeizoea imejaa hadi juu, ilikuwa na saa tatu. Mwanamke mmoja alikuwa anarudishiwa ya kwake bila kutengenezwa; alisema ameharakishwa na safari, na hakumtazama mtu usoni aliposema.

Alipotoka, mke wa Fundi alifuta kaunta palipokuwa na mikono yangu. Kisha akanitazama, kwa adabu kamili.

"Karibu, mzee. Nikusaidie nini?"

Miaka thelathini ameniita shemeji. Nilitazama pazia, halikutikisika. Barua ilikuwa mkononi, yeye aliiona, hakunyoosha mkono.

Nikasema samahani, nimekosea duka.